Kitufe cha Kijani

Makongeni, Thika
Jumanne

Kwa Mitchell mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako. Mumeo Ouma hajambo? Mjukuu wangu Cindy je, kikohozi kimepungua, ama bado mnamlaza dirisha likiwa wazi? Hata huyo mama mwenye nyumba wenu hapo Ruiru msalimie, ingawa ni mkali. Baba yako Tobias yuko salama, ni magoti tu. Mwelu jirani bado yuko kwao Matuu akimuuguza mama yake. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, lakini moyo hautulii, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwa simu ningekata kabla sijasema.

Jumapili uliniambia kwamba Ijumaa utamwomba mkubwa wenu, bwana Maluki, wiki sita na watu wawili wa kurahisisha ile programu ya zamu. Ukasema yeye anaona ni kupamba tu, na kila ukifungua mdomo anawaonyesha watu ile video uliyonichukua nikisema hii kitu ni rahisi kuliko kumenya ndizi. Eti kama mama wa Makongeni ameweza, nani atashindwa? Ulicheka sana.

Sasa sikia mambo ya hapa kiwandani. Tangu waache kuita majina langoni, kila mtu anajiandikisha kwa simu jioni, ndio apate zamu ya kesho. Unaandika namba yako, halafu zile herufi za kuandikia zinafunika kitufe cha kijani cha kuendelea. Ukirudi nyuma ukitafute, inakutupa mwanzo kabisa. Wiki jana tulibaki wanawake thelathini nje ya lango, na ndani mananasi yanaoza kwa kukosa mikono. Karani akatuambia mwenye kiwanda amechoka, mwezi ukiisha anarudia daftari lake, na nyinyi wenye programu mtafute mteja mwingine. Hiyo mwambie Maluki. Hiyo si kupamba.

Wenzangu wananiita mama wa programu. Wanasema binti yangu ndiye ameitengeneza, basi niwaonyeshe. Mimi nasema miwani imebaki nyumbani. Nimekuwa kama mtu aliyefungiwa chooni, na anaona haya kupiga kelele.

Nisamehe, mwanangu. Siku ya ile video, Mwelu alikuwa amenibonyezea kila kitu kabla hujafika. Kilibaki kitufe kimoja, nikakigusa. Niliogopa utaaibika kazini kwa sababu ya mama aliyeishia darasa la nne. Yeye ndiye aliyekuwa akiniandikisha kila jioni, na tangu aende, siku ya tisa leo, sijapata zamu hata moja. Asubuhi namuaga baba yako kama mtu wa kazi, nikifukuzwa langoni naenda kukaa kanisani mpaka jioni.

Ijumaa nataka nije huko kazini kwenu. Bwana Maluki anipe simu, mtu asinisaidie, na wewe usiseme neno. Anitazame tu mpaka achoke.

Barua hii anaileta Jackie wa kwaya, anayefanya kazi hapo Ruiru. Mpe jibu leo leo, kwa karatasi, maana ujumbe wa simu baba yako huusoma kwanza. Niambie tu kama nije.

Mama yako akupendaye,
Selpha