Kola Haikuwa na Kosa

Baba Watoto,

Nimepitia nguo tu, narudi hospitali. Chakula kiko jikoni, kipashe moto.

Kitinda mimba wako ana homa ya uti wa mgongo. Asubuhi aliposema shingo inamuuma, wewe na ufundi wako wa cherehani ukaona kola ya sare imembana, ukaifumua. Akaendelea kulia, ukaifumua zaidi. Ulipotoka nikamwambia ainamishe kidevu kifuani, akashindwa. Mwili unachoma, na mwanga wa dirishani hautaki kabisa. Nikambeba.

Daktari amemvuta maji mgongoni kwa sindano yakapimwe, ila dawa ya kuingiza mshipani ameianza bila kusubiri majibu. Anasema tumewahi.

Wewe na dada mtu piteni zahanati leo hii mmeze vidonge vya kinga, maana tunalala naye chumba kimoja. Mimi nimeshameza. Usiniambie huumwi popote. Vinamezwa kabla ya kuumwa. Chanjo tutaulizia hukohuko.

~~Hospitali usije, sina hamu na wewe.~~ Njoo jioni, ukishameza.

Na kola uirudishe ilivyokuwa. Mwenyewe amefumbua macho mara moja tu, akaulizia sare yake.

Mama Watoto