Dagaa Kwenye Uji wa Baba

Itiryo, 3 Machi 2023

Wifi yangu Ghati,

Habari za Issenye? Shemeji na watoto hawajambo? Huku tuko salama, isipokuwa baba yako. Tangu atoke hospitali na kile kifua amebaki mifupa. Daktari amesema ale mayai na samaki, maana ng'ombe wamekauka maziwa. Baba anasema mayai ni ya watoto na samaki ni nyoka wa majini. Nilimpikia sato, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, tulikuoa wewe, hatukuoa samaki wenu wa ziwani." Nilicheka, kisha nikaenda jikoni kulia. Kaka yako Marwa yuko machimboni. Nifanyeje?

Wifi yako,
Apiyo

Issenye, 9 Machi

Wifi Apiyo,

Sisi wazima, hofu ni kwenu. Baba namjua, ni mbishi kuliko punda wa mnadani. Usimbembeleze. Kaanga dagaa wakauke, wasage pamoja na ulezi, umpikie uji wenye sukari na ndimu nyingi. Mgonjwa haulizwi uji. Akigundua, sema ni mimi niliyekutuma. Mimi ni damu yake, hatanifanya kitu.

Wifi yako akupendaye,
Ghati

Itiryo, 20 Mei

Wifi yangu,

Natumaini hamjambo. Baba alikuwa amepona, wifi. Alikuwa anatembea hadi zizini, na uji akiniomba mwenyewe. Juzi jirani yetu Mokami alikuja kuazima unga, akanusa dagaa ndani yake, akaenda kumwambia baba. Baba aliniita akaniuliza. Sikuweza kumdanganya mara ya pili. Akasema, "Ghati asingenifanyia hivi." Basi nikashindwa kukutaja.

Sasa hagusi chakula cha mtu yeyote, hata maji anataka kujichotea, na nguvu hana. Anasema atakula kwa mkono wako tu. Simu yako haipokelewi. Njoo, na ukifika umwambie ukweli. Naogopa.

Wifi yako,
Apiyo

Issenye, 2 Juni

Wifi,

Poleni na mgonjwa. Nilitamani kuja, ila mahindi yako shambani na nyani hawana huruma. Nikimaliza kuvuna nitakuja. Mwambie baba avumilie.

Wifi yako,
Ghati

Utegi, 30 Juni

Ghati,

Nakusalimu. Nimefika salama kwa mama yangu. Watoto wamebaki kwa baba yao.

Sikukuaga kwenye msiba wa baba. Mokami aliposema nimemlisha baba sumu ya kwetu, Marwa aliniuliza mbele ya wazee, "Nani alikufundisha?" Ulikuwa umekaa pale na wanawake. Nilikutazama. Ukainama, ukaanza kumfunga mtoto kanga ambayo haikuwa imefunguka.

Nilikungoja. Ungesema tu kwamba ni wewe, ningekuwa bado na nyumba yangu.

Baba nilimpenda. Siku zile za uji alikuwa ananiita mama. Nilikosa kwa kumficha, na kosa hilo ni langu, nalilia kila siku. Lako sikumwambia mtu. Marwa bado anauliza ni nani alinifundisha, na wewe ndiye uliye karibu naye.

Apiyo