Korongo Asiyetoa Sauti

Jumanne, 3 Februari 1987

Nimechoka. Leo kazini nimemgeuza bibi mmoja kitandani, mgongo ukalia ka! Daktari keshanambia: fanya mazoezi, au siku moja utageuzwa wewe. Basi Champa akanikokota mpaka ukumbi wa nyuma ya soko hapa Walthamstow. Champa Mhindi wa Mwanza, tunafanya shifti moja pale kwenye nyumba ya wazee, na mdomo wake hauna breki. Hakunambia mazoezi yenyewe nini. Kumbe kung fu! Mie, mjane wa miaka arubaini na moja, suruali chini ya gauni, kati ya vijana wa Kizungu. Wangeniona kwetu Wete!

Mwalimu ni Bwana Lau, mzee mwembamba wa Hong Kong. Anasema watu wa zamani kwao waliwatazama wanyama wakipigana, wakaiga. Chui milia, nguvu za mifupa. Nyoka, pumzi. Korongo, kutulia na kusubiri. Kila mtu anapewa mnyama wake. Champa kapewa chui milia, njia nzima ananitambia. Mie nimepewa korongo.

Nimekasirika. Kwetu ukimpa mtu jina la mnyama umemtukana. Na ndege mwenyewe miguu kama fito.

Alhamisi, 5 Februari

Kaka Hamad kapiga simu kutoka Hayes. Kuna posa. Bwana Mwadini, asili yake Chake, kwetu Pemba, siku hizi mtu wa Maskati. Kafiwa na mke. Yuko hapa kwa matibabu, kapanga Edgware Road. Kaka anasema, utapumzika Mardhiya, nyumba kubwa, bustani, hutabeba vizee vya watu tena.

Sikusema kitu. Nimeushika mkono wa simu tu, nikitazama boila. Kaka akasema haya, vizuri, akakata.

Sijapata kumwambia kaka la. Mapinduzi yalipotokea baba alichukuliwa, hakurudi. Hamad ndiye aliyetutunza, ndiye aliyenileta huku. Hata ndoa yangu ya kwanza alinioza yeye. Walikuja mlangoni kuniuliza, nikainamisha uso, wakasema kimya cha mwali ndiyo ridhaa yake. Marehemu akatokea mtu mwema, Mungu amrehemu. Bahati tu ile. Ningeweza kupata jini.

Jumanne, 10 Februari

Miguu inaniuma, nimekwenda hivyo hivyo. Bwana Lau katuhadithia: kwao hapo kale binti mmoja alimkuta korongo uani, akataka kumfukuza kwa kijiti. Akampiga kichwani, ndege akainama. Akampiga ubavuni, ndege akapisha. Kila pigo likaenda na upepo. Binti akakaa chini akamsoma yule ndege, na mtindo huu ukaanzia kwake. Mwanamke! Hapo nikamsamehe Bwana Lau kidogo.

Kukwepa mie hodari. Champa kaja na makucha yake, nikampisha kushoto, kulia, akataka kuanguka. Bwana Lau kauliza nimejifunza wapi. Nikacheka tu. Nimwambie nini? Miaka yote hii kazi yangu ndiyo hiyo, kupisha.

Ila pigo halitoki. Anasema mkono wangu unarudi kabla haujafika. Tena lazima utoe sauti unapopiga, la sivyo moyo unabaki nyuma. Champa kanguruma mpaka mlinzi wa ukumbi kaja kuchungulia! Mie nimetoa kikohozi. Halafu nikamwomba Champa radhi.

"Umeniomba radhi ya nini, bibi wee?" kanambia. "Hata hujanigusa!"

Jumamosi, 14 Februari

Tumekwenda kumwona huyo bwana. Mgahawa wa Waarabu, Edgware Road, mie na kaka na wifi yangu Sheikha. Mtu wa heshima, ndevu nyeupe, udi mzuri. Sukari imemla miguu, anatembelea fimbo.

Kaniuliza: unajua kupiga sindano? Usingizi wako mzito au mwepesi? Mwanamme mzima unaweza kumnyanyua peke yako? Halafu akanitazama mikono. Uso hakuutazama sana.

Huyu hatafuti mke. Anatafuta nesi asiyekuwa na siku ya off.

Nikasema, "Chai yako inapoa, bwana." Hilo tu! Sheikha kanifinya chini ya meza, kaka kacheka, kasema huyu tangu mdogo ana haya. Na kaka si mbaya, hilo ndilo linalonichosha. Angekuwa mbaya ningejua la kufanya.

Jumanne, 24 Februari

Darasani wote hoi, mvua kutwa. Bwana Lau kaniuliza kwetu tunamtazama mnyama gani akipigana. Nikamwambia ng'ombe. Vijana wakageuka wote. Nikawaeleza mchezo wa ng'ombe wa Pemba: dume kafungwa kamba ndefu, zumari linalia, wanaume wanamchokoza kwa kitambaa, wanawake pembeni tunaimba. Haumizwi wala hauawi, mchezo ukiisha anarudi zizini.

Nikamkumbuka dume mmoja, kijijini Kangagwani, mie mtoto. Walimchokoza, wakampungia, wakamvuta mkia. Kagoma. Kasimama katikati ya uwanja, kakoroma mara moja tu, na wote wakarudi nyuma. Hakumgusa mtu. Watu walimzomea, mie nilimpenda.

Bwana Lau kasema, basi kutoa sauti unajua, tatizo nini?

Tatizo kaka. Sikumwambia.

Champa nimemwambia kwenye basi. Kasema, mpigie Hamad leo, umwambie hutaki. Nimefika nyumbani nikanyanyua simu, nikazungusha namba nusu. Nikairudisha.

Ijumaa, 27 Februari

Kaka kasema njoo Jumapili, chakula cha mchana, vaa vizuri. Nimeitikia. Mgongo unaniuma tena.

Jumapili, 1 Machi

Naandika kitandani kwa Sheikha, Hayes, juu. Daftari lilikuwa mkobani, kalamu nimeiokota kwenye meza ya kujipambia. Lazima niandike.

Nimefika nikakuta viatu tele mlangoni. Nikadhani wageni wa chakula. Harufu ya biriani, sinia za halua. Sheikha kanivuta ngazini, kanivisha buibui jipya, kanipaka udi, anacheka na machozi. Nikamuuliza kuna nini. "Si unaolewa leo!" Kaka kamwambia nimekubali tangu ile siku ya simu! Kukaa kwangu kimya ndiyo kukubali! Wanataka tufunge ndoa kabla ya Ramadhani, bwana harusi anarudi Maskati wiki ijayo, tiketi zishakatwa. Mbili.

Nikamwambia Sheikha sijasema ndiyo. Kasema, "Wifi, hukusema la vilevile." Kweli. Sikusema.

Wamo chini wote. Nasikia vikombe. Kaka anamwambia sheikhe wa kufungisha ndoa asijisumbue kupanda, dada yangu ana haya, akinyamaza ndiyo karidhia. Na sheikhe, namsikia wazi, sauti nzito: "Hamad, anyamazaye ni mwali. Mjane husema mwenyewe, kwa ulimi wake, na mashahidi wasikie. Nipeleke kwake."

Kaka atakuwa kaona haya mbele ya watu wake. Masikini kaka. Kapika tangu alfajiri.

Wanapanda. Fimbo ya Mwadini siisikii, kabaki chini. Sheikhe, kaka, na mashahidi. Sheikha keshaniketisha kitako, kanifunika ushungi mpaka puani, kashika chetezo mlangoni.

Nimesimama. Ananinong'oneza, kaa, bibi harusi hasimami! Sikai. Naandika nimeegemeza daftari kwenye kabati la nguo, ushungi nimeurudisha nyuma.

Hodi.

Sheikha kaniashiria ninyamaze, ataitikia yeye. Nimewahi mie. Nimesema "Karibuni!" na sauti imetoka kubwa hata Sheikha kaangusha chetezo, makaa yote kwenye zulia. Anayaokota kwa kanga. Nje ya mlango wamesita. Kaka anauliza, nani huyo kapiga kelele?

Ni mie, kaka. Ingia.