Kabichi za Samonimu

Malton, kando ya Toronto

Dada yangu Subilaga,

Shikamoo. Magoti yako yanasemaje? Na mama, bado anakataa kushika fimbo? Sisi huku ni wazima. Mchungaji wangu ana kikohozi, ila mahubiri hayajapungua urefu.

Nina kisa cha kukusimulia, na kabla hujakisikia kwa wengine nakiri kabisa kwamba mkosaji ni mimi.

Unakumbuka nilikuambia kanisa tunalosalia ni la Wakorea? Wao asubuhi, sisi alasiri, jiko moja. Mke wa mchungaji wao anaitwa Sun-hee, lakini waumini wake humwita Samonimu tu, kama mimi ninavyoitwa Mama Mchungaji. Ndiye shoga yangu. Unajua mwenyewe, mke wa mchungaji akichagua rafiki mmoja usharikani, kesho yake kumi wamenuna. Kwa hiyo mimi nikitoka kupanga mizigo ghalani, yeye akitoka dukani anakorekebisha nguo, tunakutana jikoni kuwasema waume zetu kwa Kiingereza cha kuokoteza. Akivaa vizuri, waumini wanasema anajionesha. Akivaa vibaya, anamwaibisha mchungaji. Nilimwambia, "Mwenzangu, hayo nilidhani yako Tukuyu tu."

Sasa, Jumamosi iliyopita tulikuwa tunaandaa chakula cha kipaimara. Naingia jikoni asubuhi na akina mama wangu wawili, nakuta mabeseni manne ya kabichi zimelala kwenye maji ya chumvi, zimelegea kama mimi baada ya zamu mbili. Nikasema, maskini, Sun-hee amezisahau, zitaoza. Na yeye kila siku huniambia, "Ukikuta kitu jikoni, tumia." Nikatumia. Tukaosha, tukakatakata, tukakaanga kwa vitunguu, karoti na nazi. Kabichi thelathini, dada. Nami najisifu kwamba nimeokoa chakula cha watu.

Saa sita Sun-hee akaingia na ndoo ya pilipili. Akatazama mabeseni, akatazama masufuria, akakaa chini sakafuni. Ndipo akanieleza. Zile zilikuwa kabichi za kimchi, achari yao ya kuvukia baridi, na kila mwaka huitengenezea kanisa zima peke yake. Ya mwaka jana iliharibika, na mke wa mzee wa kanisa akasema mbele za watu kwamba ya Samonimu aliyetangulia ilikuwa ikifika Pasaka.

"Kesho wanakuja kuchukua," akasema. "Safari hii watasema mchungaji atafutiwe kanisa lingine."

"Nitawaambia ni mimi."

"Usiwaambie. Watasema hata kulinda kabichi nimeshindwa."

Kabla sijamjibu, mlango ukafunguliwa na mke wa mzee mwenyewe, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Amekuja kukagua. Nikasimama mbele yake nikaungama. Akanipita. Akachota kijiko sufuriani, akatafuna, akachota tena.

"Haina pilipili," akasema. Kisha akamgeukia Sun-hee, kwa Kiingereza hicho hicho ili nami nisikie. "Thelathini zote ulizitia chumvi peke yako? Kwa nini hukutuita?"

"Mbona hamkuja?"

"Tulijua hutaki mikono yetu. Miaka mitatu tunasubiri utuite."

Sun-hee akamtazama kama aliyeambiwa nyumba yake ina chumba asichowahi kukiingia. Yule mama hakungoja, alishatoa simu. Baada ya saa moja walifika wanawake kumi na mmoja, na kabichi zao na glavu zao, wakiongea wote kwa pamoja. Wakazitia chumvi ya haraka, na wakati zikilegea wakala sufuria yangu moja nzima. Kwaya yetu ya vijana, iliyokuja mazoezini na njaa, ikabaki kulalamika.

Jioni tulipokuwa tunapaka pilipili, macho yananichuruzika, Sun-hee akasema kitu kwa lugha yao na vichwa vyote vikainuka. Akanigeukia anitafsirie: "Nimewaambia, peke yangu sitatengeneza tena."

Mke wa mzee akakunja jani moja jekundu, akamtia mdomoni kwa mkono wake.

"Kula kwanza," akasema, "halafu utupangie zamu."

Mpe mama pole ya magoti yako, maana najua unamsumbua. Msalimie shemeji, mwambie nimenenepa asinitanie. Na mwalimu wa kwaya wa usharika wetu wa zamani, aliyenifukuza sauti ya kwanza, mwambie huku pia wameniweka jikoni.

Ni mimi mdogo wako, ninayenuka kitunguu saumu hadi leo,

Atuganile