Visheti kwa Kiganja cha Rahel

Mandewa, Singida
2 Februari 2025

Mkwe wangu Baba Rahel,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Natumaini hamjambo wote watatu na kazi ya reli inaendelea. Mimi sijambo, isipokuwa goti, ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu.

Ningeweza kupiga simu, lakini unajua simu ya mkwe na mkwe: shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, halafu kila mtu anatafuta namna ya kukata. Kwa hiyo naandika.

Tangu tumzike mwanangu Rebeka mwezi wa kumi, nimekuwa nikisubiri uanze wewe. Hujaanza, basi naanza mimi. Mwanaume anayetoka alfajiri na genge kwenda kutengeneza njia ya treni hawezi kulea watoto wa kike wawili peke yake. Shemeji yangu Stanley ameketi na wazee wa ukoo, na wamekubaliana kwamba Pasaka tuje kuwachukua Rahel na Lea wahamie kwangu. Shule ipo, kanisa lipo, chakula kipo.

Nasikia pia Lea hataki tena kwenda shule ya Jumapili. Hilo limeniumiza kuliko yote. Mtoto wa Rebeka, Baba Rahel, tena mwenye miaka sita tu.

Mungu akutunze.
Mama mkwe wako,
Damari

*

Itigi
9 Februari 2025

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, na mara ya pili nikakaa. Pole na goti. Sisi hatujambo. Rahel anarefuka mpaka magauni yanatia aibu, na Lea ameng'oka jino la mbele.

Mama, kwa heshima zote, watoto siwatoi. Nimeinama kama mkwe anavyopaswa kuinama, lakini hilo nalisema. Nimekwisha kumpoteza Rebeka. Nikiwakosa na hawa, nitakuwa narudi kutoka kazini kuongea na masufuria.

La Lea ni kweli. Rebeka alikuwa anapika visheti kila Jumamosi, na tukitoka ibadani watoto wanavila uani bado wamevaa nguo za kanisani. Kwa Lea, hiyo ndiyo ilikuwa Jumapili. Sasa anasema Jumapili imekufa na mama. Nikimwambia Mungu yupo palepale kanisani, ananitazama kama mteja aliyeshikishwa embe bovu.

Kwa hiyo nina ombi ambalo mkwe hapaswi kuwa nalo. Nifundishe visheti. Jirani yetu Dorika alituletea vyake, Lea akavirudisha kwa adabu. Rebeka alijifunza kwako. Ladha naijua, njia ndiyo siijui.

Mkweo,
Nathan

*

Mandewa
16 Februari 2025

Baba Rahel,

Marahaba. Hapa tu wazima, mvua imekuja vizuri na alizeti zimesimama.

Nimesoma ombi lako nikajifunika kanga usoni, na humu ndani nilikuwa peke yangu. Tangu niolewe sijasikia mkwe akimuuliza mama mkwe habari za jikoni. Mama yangu angekuwa hai angehama mji. Bahati nzuri karatasi haina macho.

Weka kwenye beseni viganja kumi vya unga wa ngano. Tia chumvi ya kuonja tu, na iliki uliyoitwanga mwenyewe, maana ile ya dukani huwa imekwisha kuchoka. Pasha moto mafuta, vijiko vitatu vya kulia, umimine, usugue unga mpaka usione mafuta yamekwenda wapi. Kanda kwa maji ya uvuguvugu, usiyamwage kwa pupa. Sukuma, kata vipande vidogo, kaanga moto ukiwa mdogo. Shira ni sukari na maji, vichemke mpaka ukiinua kijiko ivute uzi. Mwagia juu ya visheti na ugeuze haraka mpaka sukari ikauke iwe nyeupe. Ukikanda, omba. Mimi huwa naomba wakati wa kukanda, kwa sababu mikono ina kazi na mdomo hauna.

Sasa nisikilize. Mimi ni mbishi kuliko wewe, na marehemu mume wangu angeshuhudia. Kama Lea atakuwa amerudi shule ya Jumapili kabla ya Pasaka, nitanyamaza, na Stanley nitamkabili mwenyewe. Kama hajarudi, watoto wanakuja Mandewa na hutatuzuia. Nipe neno lako.

Mama mkwe wako,
Damari

*

Itigi
2 Machi 2025

Mama, shikamoo. Goti linaendeleaje?

Neno langu nakupa. Nakubali.

Visheti vya kwanza vilikuwa kokoto. Sikuzidisha wala kupunguza kitu, nilifuata barua yako neno kwa neno huku Rahel akinisomea. Lea aliuma kimoja, akakitoa mdomoni, akakitazama. Halafu akauliza, "Baba, yule mtoto wa kwenye mahubiri aliyeomba mkate, si walisema baba yake hawezi kumpa jiwe?"

Rahel alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu msiba, kwa hiyo sijutii ule unga. Nimekwenda navyo kazini wiki nzima nikivilowanisha kwenye chai. Wenzangu wa genge wanauliza kama natengeneza reli au natengeneza meno.

Jumamosi ijayo najaribu tena. Niambie nilipokosea.

Mkweo,
Nathan

*

Mandewa
8 Machi 2025

Baba Rahel,

Marahaba. Goti linaniheshimu wiki hii.

Ulipima unga kwa kiganja cha nani? Nilipoandika viganja kumi nilikuwa naona changu. Wewe una kiganja cha kubebea reli, umeweka unga wa harusi kwa mafuta ya watu watatu. Lazima vigeuke mawe.

Mpe Rahel apime. Siku ya mazishi nilimshika mkono nikashtuka, nikauachia. Ule ni mkono wa mama yake kabisa, mpaka vidole.

Nimecheka sana habari ya jiwe, na nimemsimulia mchungaji. Lakini usije ukadhani nimelainika. Makubaliano yetu yapo vilevile.

Mama mkwe wako,
Damari

*

Itigi
23 Machi 2025

Mama, shikamoo. Sisi wazima wa mwili.

Rahel alipima, mimi nikakanda. Nilipomwona anachota unga na kuusawazisha kwa kidole gumba, nilikumbuka Rebeka, nikalia na kusingizia moshi. Visheti vilitoka vizuri, mama. Lea alikula kimoja, akasema, "Vinafanana." Akaendelea mpaka nikaficha bakuli.

Jumamosi iliyofuata tulipika tena. Jioni Lea akavaa gauni la kanisani na kusema kesho anakwenda shule ya Jumapili. Nilifurahi, na nakiri nilifurahi zaidi kwa kuwa nimekushinda. Halafu akaniuliza, "Nikienda, bibi hatatuchukua?"

Kumbe Rahel alizisoma barua zako zote, akamwambia mdogo wake. Ndipo nikaelewa kwa nini siku hizi basi la kutoka Singida likipiga honi hapo stendi, Lea anaingia chini ya kitanda. Nilidhani ni mchezo.

Jumapili asubuhi nilimwambia avue gauni. Tulibaki nyumbani wote watatu, tukaimba uani, tukasali, tukala visheti. Mimi si mwalimu wa dini, lakini najua Yesu aliposema watoto waachwe waje kwake, hapakuwa na mtu nyuma yao anayewafukuza. Sitaki Lea aingie kanisani akimkimbia bibi yake, tena bibi anayempenda. Siku atakayotaka mwenyewe, nitamshika mkono tuende.

Kwa hiyo kwa makubaliano yetu nimeshindwa, na neno langu nalivunja, maana watoto siwatoi. Njoo na shemeji Stanley, njoo na wazee wote. Nitawapokea kwa chai na nitapiga magoti kuwasalimu, na nikiinuka jibu litakuwa hilihili. Lea nimemwambia hivyo pia: aende kanisani au asiende, hapa ni kwao.

Unisamehe ukali wa barua hii. Sikupata namna nyingine ya kuiandika.

Mkweo,
Nathan

*

Mandewa
14 Aprili 2025

Nathan mwanangu,

Bwana asifiwe. Mimi ni mzima, na naomba barua hii iwakute wazima.

Wiki ya kwanza sikujibu kwa hasira. Zilizofuata sikujibu kwa aibu. Nimelea watoto na nimezika watoto, lakini sikuwahi kuwa mtu ambaye mtoto akisikia anakuja anaingia chini ya kitanda. Nilipeleka jambo hilo kwenye maombi nikitegemea Mungu atakugombeza wewe. Alinigombeza mimi.

Jana, Jumapili ya Mitende, Stanley alikuja na wazee baada ya ibada kupanga safari ya Itigi. Nikawaambia hakuna safari. Wakasema mwanaume hawezi kulea watoto wa kike. Nikawauliza ni nani kati yao anayeweza kupika shira ikavuta uzi. Walitazamana, wakaniuliza kama nimepata homa. Niliwaambia mkwe wangu anaweza, na kwamba atakayetaka kuwahamisha wale watoto aanze kwa kunihamisha mimi. Stanley ameondoka bila kunywa chai. Atarudi tu, chai yangu anaipenda.

Ukweli nakwambia wewe peke yako. Nilikuwa namtaka Rebeka. Nilidhani watoto wake wakilala ndani ya nyumba hii, nitamsikia humu tena. Huo mzigo ni wangu na Mungu wangu, na mtoto wa miaka sita hana bega la kuubeba.

Jumamosi nakuja kwa basi la asubuhi. Visheti nataka kuvila vikitoka kwenye mafuta, kwa hiyo nitakaa jikoni kwako, na wewe utakuwemo humohumo unapika. Mwambie Dorika mapema asije akaanguka kwa mshangao. Wengine waseme watakavyo.

Ila kuna kazi nakupa kabla sijafika. Mwambie Lea leo, na kesho umwambie tena, na uendelee mpaka aamini: bibi yake anakuja kula Pasaka, na akimaliza atapanda basi peke yake.

Mama yako,
Damari