Stempu za Mwalimu Anania

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, Wilaya ya Mufindi
Tarehe 16 Agosti 1976, saa 7.30 mchana

Jina: Paskalina Edmund. Umri: miaka 22. Elimu: darasa la saba. Kazi: muuzaji, duka la kijiji. Makazi: Nyololo.

Namfahamu Mwalimu Anania Kalinga, aliyewekwa ndani hapa tangu juzi. Anafundisha kisomo cha watu wazima. Pia hutunga hadithi, huzipiga chapa misheni, na makondakta wa mabasi huzigawa bure mpaka Mbeya. Chini ya kila karatasi ameandika kwamba aliyependezwa amtumie mtunzi stempu moja. Kutuma senti hamsini kwa hawala ni gharama kubwa kuliko hela yenyewe, na sarafu ndani ya bahasha haifiki. Zile stempu huwauzia wanaotaka kutuma barua, ndipo anapata hela ya karatasi.

Barua zake hupitia sanduku la posta la duka letu. Aliniruhusu kuzifungua. Stempu nilimpelekea nikimtajia zilikotoka, barua nilizitunza dukani kwenye boksi la sabuni.

Mwezi Machi mume wangu Gideoni alikwenda Ilomba, Mbeya, kutafuta kazi, akanyamaza. Mtoto wetu Esta alikuwa na miezi mitatu. Nilichukua stempu moja ya Mwalimu nimwandikie mume wangu. Nilijiambia nitairudisha. Hakujibu, nikachukua nyingine. Zimefika kumi na tisa, nyingi za barua za Usangu.

Mwezi Juni Mwalimu aliniambia, "Dada Paskalina, watu wa Usangu wamenyamaza. Nadhani hadithi zimewachosha."

Nilimjibu, "Labda, Mwalimu."

Wiki ile ile akaacha kuzitunga.

Mnamo tarehe 14 Agosti, Jumamosi, saa 4 asubuhi, askari walikuta kwake kopo lenye stempu zaidi ya mia mbili, wakadhani ni za wizi. Aliwaambia ni malipo ya wasomaji, na barua zao ziko kwangu. Saa 5 Koplo Isakwisa alifika naye dukani kuziulizia. Nilisema, "Hapa hakuna barua, afande." Mwalimu alikuwa amefungwa pingu.

Walipoondoka nilizichoma, maana kila mtu alikuwa ameandika ametia stempu ngapi. Kwa moto huo nilipika uji wa mtoto. Alikunywa wote.

Moja ilinishinda kuichoma. Imetoka Usangu, herufi zake kubwa zimelala upande. Inasema: "Mimi Nyamizi mke wa Bujiku. Hii barua ni ya kwanza naandika mwenyewe. Stempu ni ya Mwalimu." Stempu hiyo niliichukua mimi. Barua ninaikabidhi leo. Wasomaji wengine nawakumbuka, nitataja majina na vijiji vyao, mkawaulize.

Siombi nisamehewe. Naomba Mwalimu atoke, na mimi nikiwekwa ndani niwe na mtoto, bado ananyonya. Tena barua hiyo Mwalimu asomewe kabla haijaingia kwenye faili.

Niliyoyajua nimeyasema, hakuna aliyenilazimisha.

(Sahihi) Paskalina Edmund

Maelezo haya nimemsomea shahidi, akakubali ni yake. Barua moja imepokelewa. Mtuhumiwa ameisoma mwenyewe mara mbili, akaomba karatasi amjibu huyo Nyamizi. Stempu zake zote ni vielelezo, haziguswi. Senti hamsini ya stempu ametoa shahidi.

(Sahihi) Koplo Isakwisa, saa 9.10 alasiri