Nilimdanganya Baba Mkwe kwa Picha ya Nyota

Mama Mdogo mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimefunga mlango wa studio saa sita mchana, jambo ambalo silifanyi kamwe, na nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanigombeza, maana kunigombeza najua utanigombeza. Mimi ni mpiga picha, lakini usinifikirie wa maharusi na magari yenye maua, mimi ni wa picha za pasipoti, mtu anaingia, anaketi kwenye kigoda, namwambia ainue kidevu na asicheke, nimemaliza, anayefuata, na kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na mmoja. Nina mume na watoto wawili, na kwa miaka minne sasa tunaishi na baba mkwe wangu, ambaye alikuwa fundi saa hadi mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka, akafunga kibanda, akagawa vifaa vyake vyote isipokuwa kikasha kimoja, akahamia kwetu.

Ukweli ni kwamba mimi na mzee hatukuwa na maneno. Sisemi tuligombana, heri tungegombana, ila alikuwa anaitikia salamu, anashukuru kwa chakula, anarudi chumbani kwake, na mume wangu akisafiri kikazi nyumba inakuwa kimya hadi unasikia friji ikinguruma. Mimi nilikuwa namwita Baba, yeye ananiita mama watoto, na hapo ndipo mazungumzo yetu yalipokuwa yanaishia.

Kilichotuunganisha ni nyota, usinicheke. Mwaka jana kamera ya zamani ya studio iligoma kuwasha taa yake, nikaihamishia nyumbani, na siku moja nikaona kwenye simu mtu amepiga picha ya wingu la gesi lililo karibu na zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, wenyewe wanaliita nebula, na anasema huhitaji darubini, kamera ya kawaida inatosha ukiwa na subira. Nikapanda juu ya paa letu, ni la zege, bapa, lina matangi ya maji na kamba za nguo, nikaweka kamera kwenye stendi, nikaacha lenzi wazi sekunde thelathini, na nyota zote zikatoka zimeburutika kama mikwaruzo, kwa sababu dunia inazunguka na kamera imesimama. Nilikuwa namweleza mume wangu mezani, naye anaitikia tu huku macho yakiwa kwenye simu, ndipo mzee akaweka kijiko chini akauliza dunia inatumia muda gani hasa kuzunguka mara moja, na hakutaka jibu la saa ishirini na nne, alitaka la dakika na sekunde.

Kesho yake aliomba mbao mbili. Baada ya siku tisa alinitolea kitu nisichokitegemea, mbao zimeunganishwa kwa bawaba, parafujo ndefu imepita katikati, na juu ya kichwa cha parafujo amebandika uso wa saa ya ukutani. Unaelekeza bawaba kwa dira, unazungusha kile kichwa robo mzunguko kila sekunde kumi na tano, na ubao wa juu unainuka taratibu mno ukibeba kamera kufuata nyota. Kazi yangu kubonyeza, kazi yake kuhesabu na kuzungusha. Tukishamaliza chakula cha jioni tunapanda, yeye na kigoda chake, mimi na kamera, na huko juu, Mama Mdogo, tunaongea, ananisimulia kuhusu marehemu mama mkwe, kuhusu siku aliyodondosha gurudumu la saa ya mteja mara tatu akajua basi, yamekwisha, mambo ambayo mume wangu mwenyewe hajawahi kuyasikia. Siku hizi ananiita mwanangu.

Sasa kosa langu. Katika kazi hii picha moja haifui dafu, unapiga nyingi za mahali palepale, kisha kuna programu ya bure inazilundika zote ziwe moja, na kile kilichojificha gizani kinajitokeza. Tulipiga mia mbili na kumi na mbili kwa jioni sita. Nikazipeleka studio kwa sababu kompyuta ya nyumbani inaganda, nikaziingiza kama ninavyoingiza picha zote, nikazilundika, na nilichopata ni kijivu kitupu, nyota chache kubwa, na pale palipotakiwa kuwa na nebula pamepakwapakwa tu. Moyo wangu ukaniambia ni mkono wake. Nilikuwa namwona akiishika ile parafujo kwa mikono miwili ili mmoja uutulize mwenzake.

Nilipofika nyumbani nilimkuta sebuleni, hajavua hata viatu, ananisubiri. Akasema, "Mwanangu, kama mkono wangu ndio umeharibu, niambie. Nataka kujua tu." Nikamjibu hapana, Baba, zimetoka vizuri sana, bado nazisafisha. Asubuhi nikachukua mtandaoni nebula iliyopigwa na mtu nisiyemjua, nikaikata, nikaibandika juu ya picha yetu, nikalainisha kingo, na kwa kingo mimi sibabaishwi, miaka kumi na mmoja nawavalisha koti na tai watu waliokuja na fulana. Nikaichapisha kubwa, nikaitia fremu.

Aliipokea, akaenda kuitundika mwenyewe mbele ya kitanda chake. Tangu siku hiyo kila mgeni lazima aingizwe chumbani aelezwe habari za parafujo, amewaita mafundi wenzake wa zamani, na kliniki amemwambia daktari kwamba mkono bado unafaa kazi. Kisha akamwomba mume wangu aitume kwenye kikundi cha wapenda nyota ambacho mimi ni mwanachama, bila kunishirikisha, alitaka kunishangaza, na amefaulu. Wameipenda. Wanataka kuiweka kwenye maonyesho yao pale maktaba, na mzee asimame pembeni na mbao zake aonyeshe zinavyofanya kazi. Ila kwa utaratibu wao kila mtu lazima atume picha zake asilia, na mwenyekiti anazitaka zetu kabla ya Ijumaa ijayo.

Mume wangu nimemweleza, anasema, mzee amefurahi, sema kadi ya kamera imeharibika, yaishe. Kadi ni nzima, iko kwenye droo hapa mbele yangu. Nikisema ukweli nitakuwa nimemwambia mzee kwamba kweli mkono umekwisha, na nikinyamaza atasimama mbele ya watu akieleza kazi ambayo haimo kwenye ile picha. Kula sili, kulala silali, na nikimwona anapanda ngazi na kigoda chake natamani kulia. Naomba uniambie nifanye nini.

Mkamwana wa Fundi Saa

*

Mkamwana,

Nimekusoma hadi mwisho kama ulivyoomba, sasa ni zamu yangu, na wewe usinikatize.

Kwanza mumeo. Msalimie, kisha mwambie ushauri wake ni wa mtu anayetaka amalize chakula chake kwa amani. Kadi ikisemwa imeharibika leo, kesho mtaulizwa kwa nini hamkupiga nyingine, na mzee atapanda juu ya paa kuzitafuta upya akiwa na imani ya uongo. Ushauri huo uweke kando.

Pili, mimi nyota sizijui, najua watu. Kwa hiyo barua yako, bila jina wala anwani, nilimsomea mwalimu mmoja wa fizikia ambaye naye hupiga picha za nyota na kamera iliyochakaa kuliko yako. Alisikiliza hadi mahali ulipopapita mbiombio: uliziingiza picha studio kama unavyoingiza picha zote. Akanishika mkono akasema, muulize kompyuta hiyo inafanya nini picha inapoingia. Ndiyo maana Jumanne nilikupigia simu. Ukanijibu bila hata kufikiri, kama mtu anayetaja namba yake ya simu, kwamba inalainisha ngozi, inaondoa chunusi na madoa, na inasawazisha pazia la nyuma lote liwe rangi moja. Halafu ukaiacha kazi uliyokuwa nayo mkononi. Mimi nilimsikia mteja wako akiuliza kama sasa anaruhusiwa kupepesa macho.

Kwa wasomaji ambao hawakuwa kwenye simu ile, ni hivi. Kwa kompyuta ya pasipoti, nyota ndogo ni chunusi, na nebula ni doa kwenye pazia. Ilifuta zote, moja baada ya nyingine, kwa uaminifu mkubwa, kabla hazijalundikwa. Wewe mwenyewe ndiye uliyeifundisha kufanya hivyo, tena kwa sababu nzuri, lakini ni wewe.

Hatukuishia hapo. Ulinitumia picha tatu moja kwa moja kutoka kwenye kadi, bila kupitia studio, na mwalimu alizifungua mbele yangu. Mbili nyota zake ni nukta, zimetulia, na chini ya zile tatu za mstari kuna kidoa cha waridi, hafifu, ambacho alinionyesha kwa ncha ya kalamu akiwa ametabasamu kupita kiasi. Ndiyo hiyo nebula yenu. Ya tatu imeburutika. Nilimuuliza ni mkono au ni upepo, akasema hawezi kujua, na kwamba yeye anayetumia mota badala ya mkono hutupa moja kati ya kila tano.

Sasa nikugombeze. Ulimwonea mzee huruma, hilo nakupa, na sikuoni kama mtu mbaya. Ulikuwa umepata baba baada ya miaka minne ya friji, ukaogopa kumpoteza. Lakini angalia ulichofanya. Mtu aliyetumia maisha yake kuwaambia wateja saa hii inatengenezeka na hii haitengenezeki alikuuliza swali la fundi, na wewe ukamjibu kama mgonjwa. Ulitazama mikono miwili kwenye parafujo ukaona ugonjwa, kumbe mtu alikuwa amebuni namna ya kufanya kazi na mkono alionao. Hukufungua hata picha moja asilia kuhakikisha. Alipofunga kibanda chake, aliamua mwenyewe. Safari hii ulimfungia wewe, ukamwacha akiamini kiko wazi, na hilo ndilo linalonikasirisha kuliko kule kubandika.

Kubandika nako sijakusamehe. Kuna mtu mahali fulani alikesha na kamera yake kupata nebula ile uliyoikata, na leo imetundikwa mbele ya kitanda cha mtu mwingine ikiitwa yenu. Wewe ambaye kazi yako ni picha ulipaswa kuwa wa mwisho kufanya hivyo.

Basi fanya hivi, na ufuate mpangilio huu huu.

Leo ukifunga studio, zungumza na mzee kabla ya mwenyekiti, kabla ya mumeo, kabla ya chakula. Mwambie ulichobandika, ulichoogopa, na ilichofanya kompyuta yako. Usilie kwanza, maana ukilia ataanza kukubembeleza na maneno hayatatoka. Akikasirika mwache akasirike, ana haki, na usimfuate chumbani. Ile fremu usiiguse. Ukuta ni wake, ataamua yeye kama inashuka.

Kesho mpigie mwenyekiti umwambie picha ile mnaiondoa kwa sababu sehemu yake si yenu. Itakuuma dakika tano. Wakikutoa kwenye kikundi, umetolewa, paa bado ni lenu.

Kisha, kama mzee atakubali, na usimharakishe, pelekeni kadi kwenye hiyo kompyuta ya nyumbani inayoganda. Isipite studio hata kwa bahati mbaya. Fungueni moja moja, zote mia mbili na kumi na mbili, na yeye ndiye aseme hii ibaki, hii itupwe. Miaka yote amekagua meno ya magurudumu madogo kuliko punje ya chumvi, hatashindwa na nyota. Mwalimu anaongeza kwamba mpige pia ishirini hivi mkiwa mmefunika lenzi, kwa muda uleule wa sekunde thelathini na jioni yenye baridi kama zile za mwanzo, ili programu ijue chenga za kamera yenyewe na kuziondoa. Mkishazilundika, mtapata picha yenye chenga kidogo, nebula ndogo, rangi iliyopauka. Itakuwasha vidole. Iache hivyo hivyo. Kama itawahi Ijumaa, ipelekeni. Isipowahi, maktaba haihami.

Najua unajiuliza utaanzaje. Alikuuliza kama mkono wake umeharibu, na hadi leo hajajibiwa. Jibu ni kwamba kati ya picha tatu tulizozitazama, mbili amezishika sawasawa, moja imetikisika, na zilizobaki hakuna aliyezitazama. Mpelekee jibu hilo jioni hii kama lilivyo, pamoja na ile iliyotikisika, na umwombe radhi kwa kuuhukumu mkono wake bila kuangalia kazi yake.

Mama Mdogo